Kompyuta yako ya gemu ina kigugumizi: uanze na mipangilio, usafi, RAM, SSD, kadi au skrini?

Jumamosi moja jioni kijana wa jirani yangu hapa Temeke aliniita nikamwangalizie kompyuta yake. Ni zile za ofisini zilizokwisha kutumika nje, zinazopatikana Kariakoo kwa wingi: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-7500, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 8 kwenye kijiti kimoja, hadi diski ya kawaida ya kuzunguka, na kadi ya picha ya GTX 1650 aliyoipata baada ya kujibana miezi kadhaa. Kwenye kona ya skrini namba ilisoma fremu (picha moja moja) 70 kwa sekunde, namba ambayo ingetosha gemu iteleze. Lakini kila gari lake lilipokata kona na kuingia mtaa mpya, picha ilisimama, ikaruka, halafu ikaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

"Kaka, nibadilishe kadi?" akaniuliza.

Nilitega sikio kwenye kasha. Kila picha iliposimama, diski ilikwaruza, na kitaa chake cha mbele kiliwaka bila kuzima. Kadi yake ilikuwa nzima na ilikuwa inangoja tu kuletewa mzigo.

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote: kompyuta ina kigugumizi, hela ninayo ya kitu kimoja tu, ninunue nini? Naandika kwa ajili ya wanaouliza hivyo. Njia ziko sita, na hakuna hata moja iliyo bora kwa kila mtu, kwa sababu kigugumizi si ugonjwa mmoja. Nimeona watu wakinunua kadi ya bei mbaya na kurudi nyumbani kukuta picha inaruka vilevile.

Kwanza, namba ya fremu inakuficha nini

Fremu kwa sekunde ni wastani. Fremu 60 maana yake kila moja ina milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Sasa chukua sekunde moja ambamo fremu 59 zimetoka kila baada ya milisekunde 13, na moja tu ikachelewa milisekunde 230. Jumla bado ni fremu 60 ndani ya sekunde, na kona ya skrini itaandika 60 bila wasiwasi. Jicho lako, hata hivyo, limeona karibu robo ya sekunde ya picha iliyoganda. Mwaka 2011 Scott Wasson wa The Tech Report ndiye aliyelishika jambo hili na kuanza kupima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu tu zimetoka ngapi. Tangu hapo wapimaji wengi wa kadi wamefuata, na ndiyo maana siku hizi unaona wanataja ile asilimia 1 ya fremu za chini kabisa (zilizochelewa zaidi) pembeni ya wastani.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, weka programu ya kupima ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo. Ni za bure. Washa grafu ya muda wa fremu, matumizi ya kadi, kumbukumbu ya kadi, RAM, kila kiini cha prosesa peke yake, na joto la prosesa na la kadi. Cheza dakika 20 kamili, maana joto halipandi kwa dakika tatu. Halafu soma.

Miiba (pale mstari wa grafu unaporuka juu ghafla) inayoota kila ukiingia sehemu mpya, huku diski ikiwa asilimia 100 kwenye Task Manager, ni diski au upungufu wa RAM. Miiba inayotokea mara ya kwanza tu kila mlipuko au adui mpya anapotokea, na ukirudia sehemu ileile haipo, ni sheda zinazoandaliwa: vile vijiprogramu vidogo vinavyoielekeza kadi namna ya kupaka rangi, kivuli na mwanga. Gemu ikianza vizuri kisha ikalegea baada ya dakika kumi, na kasi ya prosesa ikawa inashuka, shuku joto. Kadi ikiwa asilimia 99 muda wote na mstari uko juu lakini umenyooka, kadi imefika mwisho wa uwezo wake. Kadi ikiwa asilimia 50 au 60 huku viini vya prosesa vimejaa, mzigo umekwamia kwa prosesa. Na grafu ikiwa safi kabisa lakini wewe bado unaona mtikisiko, tazama skrini.

Vigezo vyangu

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale: inatibu kigugumizi cha aina gani, inagharimu kiasi gani ikilinganishwa na nyingine, ina ugumu na hatari gani, na ukikosea unabaki na nini mkononi. Swali la mwisho watu hulisahau, na kwa mwenye fungu moja ndilo linalouma zaidi. Bei sizitaji kwa tarakimu, maana zinabadilika kila wiki na duka kwa duka.

1. Kurekebisha mipangilio

*Inatibu nini.* Mengi kuliko watu wanavyodhani. Anza na ukomo wa fremu. Skrini ya 60 Hz, yaani mara 60 kwa sekunde, huchora upya kila baada ya milisekunde 16.7. Kompyuta yako ikitoa fremu kati ya 48 na 70, nyingine zinawahi zamu na nyingine zinaikosa. Ukiwasha V-Sync ya kawaida (inayolazimisha fremu zifuate zamu ya skrini), fremu iliyochelewa hata milisekunde moja inangoja zamu inayofuata, na hapo 16.7 inakuwa 33.3. Huo ndio mwendo wa kuchechemea unaouona. Dawa ni kushusha vivuli na tekscha (zile picha zinazovalishwa kwenye kuta, ardhi na nguo) mpaka 60 ikae bila kuyumba, kisha uifunge hapohapo kwa RivaTuner. Ikishindikana, kuna jambo wengi hawalijui: televisheni nyingi za huku kwetu zinakubali 50 Hz, kwa kuwa matangazo yetu ya zamani yalijengwa juu ya mfumo huo. Weka Windows itume 50 Hz, funga gemu kwenye fremu 50, na kila fremu itapata milisekunde 20 kamili. Fremu 50 zilizolingana zinapendeza macho kuliko 62 zinazoyumba, nami nalisema hili baada ya kukaa mbele ya zote mbili.

Kuna gemu zinazougua kwa kukimbia mno. GTA V ni mfano: fremu zikikaribia 190 kwa sekunde, injini yake yenyewe inaanza kukwama. Mwenye kompyuta kubwa anashangaa kwa nini ya rafiki yake iliyo ndogo inateleza kuliko yake. Aweke ukomo wa 120 au 144, yataisha.

Kadi yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, angalia tekscha kabla ya chochote. Kumbukumbu ikijaa, kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia sloti yake, na safari hiyo ni ndefu. Shusha tekscha daraja moja tu, miiba mara nyingi inapungua palepale.

Halafu yale yanayojificha. Windows Update inapakua kimyakimya. Steam inasasisha gemu nyingine wakati unacheza hii. Kivinjari kina kurasa 30 wazi. RAM iliyoandikwa 3200 inakimbia 2133 au 2400 kwa sababu hakuna aliyewasha XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa) kwenye BIOS (programu ya msingi ya madabodi, bodi kuu ya kompyuta). Wenye Ryzen (prosesa za AMD) na Windows 11, kama kompyuta inaganda yote pamoja na sauti, mara chache lakini bila mpangilio, sasisheni BIOS: AMD wenyewe walikiri mwaka 2022 kwamba fTPM (kipengele cha usalama) ilikuwa ikisababisha hilo, na BIOS mpya za watengenezaji wa madabodi zikaja na marekebisho. Kwa wenye laptopu, tazameni chaja. Baadhi ya laptopu zikichomekewa chaja isiyo yake, au ya wati pungufu, hushusha kasi ya prosesa mpaka chini kabisa bila kusema neno. Nimewahi kukutana na laptopu ya gemu iliyokwisha kuzungushwa kwa mafundi watatu, na shida ilikuwa chaja ya wati 65 mahali pa wati 135.

Kuhusu sheda, subira ndiyo dawa kubwa. Gemu inapokwambia inaandaa sheda mwanzoni, iache imalize. Kwenye paneli ya Nvidia ongeza akiba ya sheda ifike gigabaiti 10. Na ujue kwamba kila ukisasisha draiva (programu inayoendesha kadi), akiba hiyo huanza upya, kwa hiyo usiihukumu draiva mpya kwa nusu saa ya kwanza.

*Gharama.* Muda wako. *Ugumu na hatari.* Mdogo, ila piga picha ya mipangilio ya mwanzo kwa simu, hasa ndani ya BIOS. *Ukikosea.* Unarudisha ulivyovikuta.

*Inamfaa* kila mtu kama hatua ya kwanza, na kwa wengi inatosha. Haimfai anayetaka ubora wa picha wa juu bila kupunguza chochote.

2. Usafi na pesti mpya

*Inatibu nini.* Kigugumizi cha joto tu, lakini kwa pwani yetu hicho ni kingi. Kupoza kwa feni hakuwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa nyuzi 32 badala ya 22, jumlisha takriban zile 10 moja kwa moja kwenye prosesa. Nyingi za Intel za mezani zimewekewa kikomo cha nyuzi 100. Zikigusa hapo zinajipunguzia kasi ili zisiungue, joto linashuka, zinapandisha tena, zinagonga tena. Grafu yake ina sura ya meno ya msumeno, ukiiona mara moja huisahau.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, cheza dakika 20. Kigugumizi kikipotea, umepata jibu. Kisipopotea, usimlipe fundi wa kusafisha kwa matumaini kwamba kitapona.

*Gharama.* Ya chini kuliko zote za kulipia.

*Ugumu na hatari.* Hapa niruhusu nikae kidogo, maana watu wanaharibu vitu. Unapopuliza kwa blowa, zuia feni kwa kidole au kijiti isizunguke. Ikizungushwa kwa upepo mkali kuliko ilivyoundiwa, beringi zake huumia na utaanza kusikia mlio. Pesti ya zamani (krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, chuma cha kuipoza) futa kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpya weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, basi. Wenye Ryzen za soketi ya AM4 muwe waangalifu zaidi: pesti iliyokauka inashika kama gundi, na ukivuta hitisinki kwa nguvu prosesa inang'oka nayo kwenye soketi, na pini zinapinda. Washa kompyuta kwanza ipate moto, zima, chomoa umeme, halafu zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua.

*Ukikosea.* Kama shida haikuwa joto, bado una kompyuta safi na tulivu itakayoishi zaidi. Hasara ni ndogo.

*Inamfaa* mwenye mashine iliyotumika ofisini miaka mingi bila kufunguliwa, mwenye laptopu ya zaidi ya miaka mitatu, na anayekaa karibu na barabara ya vumbi au karibu na bahari. Vumbi litarudi. Kompyuta iinue kutoka sakafuni, utapata miezi ya ziada.

3. Kijiti cha pili cha RAM

*Inatibu nini.* Mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni ujazo. Gigabaiti 8 zikigawanywa kati ya Windows, kivinjari na gemu ya sasa, hazitoshi. Zikijaa, Windows inahamishia vitu diskini, na kama diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, hapo ndipo picha inaganda sekunde nzima. La pili ni upana wa njia. Kijiti kimoja cha DDR4-2400 kinapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Viwili vikikaa kwenye sloti sahihi vinapitisha 38.4. Wastani wa fremu unaweza kupanda kidogo tu, lakini zile fremu za chini, ambazo ndizo kigugumizi chenyewe, ndizo zinazofaidika.

Anayefaidi kuliko wote ni yule asiye na kadi, anayecheza kwa grafiki ya ndani ya prosesa, kama Ryzen 5 5600G. Kwake RAM ndiyo kumbukumbu ya kadi, kwa hiyo njia ikipanuka kila kitu kinapanuka.

*Gharama.* Ya kati. *Ugumu na hatari.* Rahisi ukinunua kinachoingia. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, mkato wa kila moja uko mahali pake. Vikompyuta vidogo vya ofisini vinatumia vijiti vifupi vya laptopu. Madabodi yenye sloti nne kwa kawaida inataka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukimaliza, fungua programu ya CPU-Z uthibitishe kwamba imeandika Dual. Ukichanganya vijiti vya kasi tofauti, vyote vitakimbia kwa kasi ya aliye mzito.

*Ukikosea.* Unabaki na gigabaiti 16, ambazo utazihitaji tu. *Inamfaa* mwenye kijiti kimoja. Mwenye viwili tayari, jumla 16, asitarajie makubwa akiongeza kufika 32.

4. SSD badala ya hadi diski

*Inatibu nini.* Ile miiba ya kuingia mtaa mpya. SSD ni diski isiyo na sehemu inayozunguka. Hadi diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inahitaji wastani wa milisekunde 4.17 kungoja tu sahani izunguke ifike mahali, bila kuhesabu mkono wake kusogea. Ukijumlisha vyote unapita milisekunde 10 kwa ombi moja, na gemu ya ulimwengu wazi inaomba vitu vingi kwa mpigo. Fremu yako ina 16.7 tu. SSD inajibu kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana gemu za karibuni, Starfield ya 2023 ikiwemo, zimeandika SSD kuwa sharti.

Haiongezi wastani wa fremu. Aliyekuwa na 40 atabaki na 40, ila zitakuwa 40 zisizoganda.

*Gharama.* Ya kati kwenda chini, hasa ukichukua ya SATA ya inchi 2.5. Kwa kigugumizi tofauti kubwa ni kutoka kwenye hadi diski kwenda SSD yoyote ya kweli. Kutoka SATA kwenda NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) ni hatua ndogo sana kwa anayecheza, japo namba za kwenye boksi zinapishana mara sita na zaidi.

*Ugumu na hatari.* Kufunga ni skrubu chache na waya mbili. Hatari iko sokoni. Niliwahi kununua SSD ya terabaiti 2 kwa bei ya kushangaza kwenye duka moja, na nilipoijaza na kuisoma kwa programu ya H2testw ikaonekana ina sehemu ndogo tu ya ujazo ulioandikwa, ndani ni flashi ya kawaida iliyovalishwa gamba. Jaribu kabla hujaweka vitu vyako, na omba risiti.

*Ukikosea.* Kompyuta nzima inawaka haraka hata kama gemu haikupona. Sijawahi kumwona mtu aliyejutia SSD ya kweli. *Inamfaa* yeyote ambaye Windows au gemu yake bado iko kwenye diski ya kuzunguka.

5. Kadi mpya (na ndugu yake, prosesa)

*Inatibu nini.* Kadi iliyofika asilimia 99 na kumbukumbu iliyojaa. Hapo hakuna dawa nyingine ya kudumu, na nisingependa ulinganisho huu uonekane unaipinga kadi. Kwa mwenye shida hiyo, kadi inabadilisha kila kitu: picha, ulaini, na gemu unazoweza kuzifungua.

Lakini kama prosesa ndiyo imejaa, kadi mpya itakaa ikingoja. Core i5-7500 ina viini vinne na inashika kazi nne kwa wakati mmoja. Gemu nyingi za sasa zimeandikwa zikitegemea zaidi ya hapo, na Windows nayo inataka sehemu yake. Kwa mashine ya namna hii, i7-7700 iliyotumika inaingia kwenye soketi ileile na kushika kazi nane. Kwa mtu wa kundi hili ni matumizi mazuri zaidi ya hela, ingawa haina mvuto wa kadi yenye taa.

*Gharama.* Kubwa kuliko zote.

*Ugumu na hatari.* Kompyuta za ofisini zina mitego mitatu. Pawa saplai ni ndogo na mara nyingi haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo unabaki na kadi zinazokula wati 75 za sloti peke yake, kama GTX 1650 nyingi. Kasha jembamba linataka kadi fupi. Na mtego wa tatu ndio unaohusu mada yetu moja kwa moja: kadi kama RX 6400 na RX 6500 XT za mwaka 2022 zina njia nne tu za PCIe (barabara kati ya kadi na madabodi). Kwenye madabodi mpya ya PCIe 4.0 zinajimudu. Kwenye mashine ya 2017, ambayo ni PCIe 3.0, njia hizo nne zinapitisha chini kidogo ya gigabaiti 4 kwa sekunde, wakati kadi yenye njia 16 inapata karibu 16. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, mzigo wote wa ziada unapita kwenye uchochoro huo, na kigugumizi kinaongezeka badala ya kupungua.

Kadi iliyotumika ijaribiwe palepale dukani kwa mzigo mzito dakika 20, ukiwa umesimama unaangalia joto. Muuzaji akikataa, ondoka.

*Ukikosea.* Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, maana kadi iliyofunguliwa boksi inauzwa kwa bei ya chini siku ileile. *Inamfaa* aliyeona asilimia 99 kwa macho yake kwenye grafu, na ambaye RAM na SSD ziko sawa.

6. Skrini inayofuata mwendo wa kadi

*Inatibu nini.* Mtikisiko mwepesi wa fremu zinazopanda na kushuka, tuseme kati ya 50 na 75. Badala ya kadi kuwahi zamu ya skrini, skrini inaingoja kadi. Nvidia walitangaza teknolojia hii kwa jina la G-Sync mwaka 2013, skrini za FreeSync za AMD zikaingia sokoni 2015, na Januari 2019 Nvidia wakafungua kadi zao zikubali skrini za FreeSync pia. Tangu hapo teknolojia hii haikubaki ya matajiri.

Mwiba wa milisekunde 200 hautibu. Skrini itangoja, na utauona wote.

*Gharama.* Ya kati kwenda juu. *Ugumu na hatari.* Soma masafa yake kabla ya kulipa. Skrini ya 48 hadi 75 Hz inakuacha peke yako ukishuka chini ya fremu 48, ya 48 hadi 144 inaweza kurudia kila fremu mara mbili na kukubeba. Kadi za Nvidia za mfululizo wa GTX 10 zinahitaji waya wa DisplayPort kwa kazi hii, si HDMI. Na funga fremu tatu chini ya kikomo, yaani 141 kwa skrini ya 144.

*Ukikosea.* Skrini nzuri inakaa na wewe kompyuta mbili au tatu zijazo. *Inamfaa* aliyekwisha kunyoosha grafu yake lakini hawezi kushikilia namba moja. Kwa mwenye televisheni, ukomo wa fremu 50 niliousema juu unampa sehemu kubwa ya faida hii bure.

Kwa hali yako

Una mashine ya ofisini yenye hadi diski na kijiti kimoja cha RAM: SSD kwanza, RAM ya pili baadaye. Kama hela inatosha vyote viwili kwa ukubwa wa wastani, gawanya, usinunue kimoja kikubwa.

Unacheza kwa laptopu: chaja halisi, kisha usafi na pesti, kisha RAM. Kadi yake mara nyingi haibadilishiki, kwa hiyo usiiwazie.

Huna kadi, unatumia grafiki ya prosesa: vijiti viwili vya RAM kabla ya yote, na XMP iwashwe.

Kompyuta ni nzuri, SSD na RAM 16 zipo, lakini picha inaruka kwenye gemu moja tu: usinunue chochote. Maliza sheda, weka ukomo wa fremu, soma mijadala ya gemu hiyo, ngoja marekebisho ya watengenezaji.

Inalegea jioni au mchana wa joto, asubuhi iko sawa: feni ya mezani na ubavu wazi leo, blowa kesho.

Grafu imenyooka, kadi iko 99, fremu 35: weka akiba ya kadi, na wakati unangoja cheza kwa 30 zilizofungwa.

Kijana wa Temeke alichukua SSD ya gigabaiti 480. Tulihamisha gemu usiku uleule na kurudi mtaa uleule, kona ileile. Namba kwenye kona ya skrini ilibaki 70 kama mwanzo. Grafu ilipita kwenye kona bila mwiba, ikapita ya pili, na kwenye ya tatu ikaota kamoja kadogo, RAM ikisoma gigabaiti 7.6 kati ya 8. Kijiti cha pili anakichangia sasa hivi.